Mahandaki ya Bigo na mpaka wa Warumi

Wanaosoma historia ya Kanisa katika seminari zetu hukutana mapema na neno la Kilatini limes. Maana yake ni mpaka wa dola ya Roma. Katika vitabu mpaka huo ni mstari mmoja juu ya ramani, na msomaji hufikiri mara moja juu ya ukuta: ndani Warumi, nje washenzi, kati yao askari mwenye mkuki. Wachache huambiwa kwamba kipande kirefu sana cha mpaka ule kilikuwa katika bara letu la Afrika, tena hakikuwa ukuta, kilikuwa handaki, yaani shimo refu lililochimbwa kwa mikono likapita mbugani na jangwani. Na wachache zaidi wajua kwamba ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, ambayo watu wa Beni huiona asubuhi mawingu yakiondoka, kuna mahandaki mengine yaliyochimbwa na Waafrika wenyewe, ambao hawakusikia hata siku moja jina la Roma. Tutasema juu ya hayo yote mawili, maana yanasaidiana. Lakini tutakaa zaidi pale palipo karibu nasi.

Kwa upande wa Warumi yatosha kukumbuka mambo machache. Mwaka 122 baada ya Kristo Kaisari Hadrianus alienda Britannia, ndiyo Uingereza ya leo, akaagiza ukuta ujengwe toka bahari hata bahari, karibu kilometa 117. Nyuma ya ukuta, upande wa kusini, askari walichimba handaki lenye upana wa mita 6 na kina cha mita 3, wakaweka matuta mawili ya udongo, moja kila upande. Angalieni vema: handaki hilo halikuelekea adui. Lilikuwa nyuma, upande wa raia. Wenye elimu wengi wasema lilizuia watu na wanyama wa inchi ile ile wasiingie ovyo katika uwanja wa askari. Miaka 20 baadaye, karibu na mwaka 142, Kaisari Antoninus Pius alisogeza mpaka mbele, akajenga boma la majani na udongo lenye kilometa 63 hivi. Kule Ujerumani mpaka ulikuwa na urefu wa kilometa 550, mahali pengi miti iliyosimikwa na handaki tu.

Na katika Afrika, kusini ya Aljeria na Tunisia za leo, kulikuwa na handaki linaloitwa fossatum. Vipande vyake vikijumlishwa husemwa ni kilometa 750 au zaidi. Wapita njia waliliona kama mufereji uliojaa mchanga, bila kujua ni kitu gani. Mfaransa mmoja, Kanali Jean Baradez, alipanda avioni akalipiga picha toka juu, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake Fossatum Africae. Kutoka juu kivuli cha asubuhi huonyesha kile ambacho mguu haukitambui. Jambo hili tulishike, maana litarudi.

BIGO BYA MUGENYI

Sasa tuvuke Semliki. Katika Uganda, wilaya ya Sembabule, kusini ya mto Katonga, kuna kilima kisicho kirefu, katika inchi ya majani na ng'ombe. Mto Katonga wenyewe una ajabu yake. Ni mto wa vinamasi, na maji yake hayaendi upande mmoja: sehemu ya mashariki yaelekea Ziwa Victoria, sehemu ya magharibi Ziwa George, halafu kwa mlango wa Kazinga yaingia Ziwa Edward, na kutoka huko Semliki. Basi baadhi ya maji ya mto ule hupita chini ya Beni.

Pale kilimani ndipo Bigo bya Mugenyi. Mtu wa Butembo hahitaji mkalimani ili asikie jina hilo. Ekigo, kwa wingi ebigo, ni boma. Mugenyi ni mgeni. Maboma ya mgeni. Lakini wenyeji wengine watakuambia kwamba Mugenyi si mgeni yeyote, ni jina la mtu mmoja wa ukoo wa Bacwezi, wale wafalme wa zamani ambao watu wa Bunyoro, Ankole na Buganda husimulia habari zao.

Mahandaki ni ya namna mbili. La kwanza ni la nje: shimo refu linalopindapinda, na udongo wake umetupwa kando ukafanya tuta. Mwisho wake wa mashariki wagusa mto Katonga, na mwisho wa magharibi wagusa kinamasi cha Kakinga, hata eneo lote lililo kati yamefungwa na handaki upande mmoja na maji upande wa pili. Kuelekea mashariki handaki hilo hugawanyika, tawi lake huzunguka eneo lingine kandokando ya mto. La pili ni la ndani: vipande vinne vya handaki vinavyozunguka kichwa cha kilima. Huko kuna vichuguu vitatu vya udongo, viwili ndani ya duara na kimoja nje yake kidogo. Ukiyapima yote pamoja wapata zaidi ya kilometa 10. Kina chake si sawa pahali pote, lakini mahali pengine chafika karibu mita 4, na chini si udongo tena, ni mwamba. Waliuvunja mwamba.

Tufanye hesabu ya mtoto wa shule, si kwa kudai kwamba ndiyo kipimo cha kweli, bali tupate kuonja ukubwa wa kazi. Tuseme handaki lina umbo la herufi V, upana wa juu mita 5, kina mita 3. Basi kila mita moja ya urefu yatoa mita 7 na nusu za udongo, za ujazo. Kwa kilometa 10 ni 75,000. Mtu mwenye jembe la chuma na kikapu akitoa mita moja ya ujazo kwa siku, amefanya kazi ya mwanaume. Hizo ni siku 75,000 za kazi, yaani watu 500 kwa siku 150. Katika siku hizo watu 500 hawalimi, hawachungi, hawajengi nyumba zao. Nani aliwalisha? Hilo ndilo swali ambalo handaki lamwuliza kila mwenye kulitazama. Shimo laweza kuchimbwa na yeyote, lakini watu 500 hawakusanyiki kwa miezi mitano pasipo neno la mkubwa mmoja, na pasipo ghala.

Ghala tunafikiri tunajua ilikuwa wapi. Karibu kilometa 13 kusini ya Bigo kuna Ntusi. Pale watu walikaa toka karibu na mwaka 1000 hata miaka ya 1400, katika mji ulioenea zaidi ya hektari 100. Si mji wa mawe. Ni nyumba za miti na majani, zilizooza zote. Kilichobaki ni takataka: vichuguu viwili vikubwa, ambavyo wenyeji huviita cha kiume na cha kike, vimejaa mifupa ya ng'ombe, vigae vya vyungu, majivu na samadi. Mifupa mingi ni ya ng'ombe wachanga. Mwenye kufuga anajua maana yake: watu wale walikuwa na makundi makubwa, wakaweza kuchinja ndama na kubakiza majike ya maziwa. Walilima pia mtama. Kuna hata bonde lililochimbwa, liitwalo Bwogero, ambalo wengine wadhani lilikuwa la kunyweshea mifugo. Andrew Reid aliyechimba huko ameonyesha kwamba Ntusi ilikuwa kubwa kabla ya Bigo kuchimbwa. Basi mahandaki hayakuzaliwa katika inchi tupu. Kulikuwa kwanza maziwa na mtama, halafu ndipo handaki.

Wazungu waliandika juu ya Bigo toka mwanzo wa karne ya 20. E. J. Wayland, mkuu wa kazi ya kupima mawe katika Uganda, aliandika habari zake mwaka 1934. Mwaka 1957 Peter Shinnie alichimba, na mwaka 1960 Merrick Posnansky, aliyekuwa mlinzi wa nyumba ya vitu vya kale ya Kampala. Hawakupata dhahabu wala maandiko. Walipata vigae, mifupa, vyuma kidogo, shanga chache, na makaa. Makaa ndiyo yaliyosema. Mti ukiwa hai hushika ndani yake namna fulani ya kaboni, nao ukifa, kaboni hiyo hupunguka polepole kwa mwendo unaojulikana. Ukipima iliyobaki, wajua mti ulikatwa zamani gani. Kwa njia hiyo mahandaki ya Bigo yamewekwa kati ya mwaka 1300 na 1500 hivi.

Tena Bigo si peke yake. Kaskazini, katika inchi ya zamani ya Bunyoro, kuna Munsa na Kibengo. Peter Robertshaw alifanya kazi Munsa tangu mwaka 1988. Katikati ya mahandaki kuna kilima chenye mawe kiitwacho Bikekete. Juu yake alipata makaburi, tanuru la kuyeyusha chuma, na mashimo ya kuwekea nafaka. Munsa ni pahali pa wakulima zaidi, Bigo ni pahali pa ng'ombe zaidi. Wala mahandaki yao hayafanani kabisa. Tusiharakishe kusema mfalme mmoja alichimba yote.

MGENI NI NANI?

Jina la Mugenyi limezaa maneno mengi, na mengine yamekuwa sumu. Tulitazame jambo hili pasipo woga.

Masimulizi ya Bunyoro yasema kwamba Bacwezi walitawala dola kubwa iitwayo Kitara. Ndahura alikuwa wa kwanza, Wamara wa mwisho. Mugenyi alikuwa na ng'ombe aliyempenda kupita kiasi, jina lake Bihogo, akaapa kwamba ng'ombe huyo akifa naye hataishi. Ng'ombe akafa. Hapo Bacwezi walijua kwamba saa yao imefika. Wakaondoka, wasionekane tena. Nyuma yao wakaja wafalme Babito toka kaskazini. Bacwezi wenyewe wakawa mizimu: watu waliwatolea sadaka, na waganga waitwao embandwa walisema kwa jina lao. Wamisionari wa kwanza katika inchi zile walikutana na majina hayo kila siku, nao waliandika. Padri Julien Gorju, aliyekuwa baadaye askofu katika Burundi, alitoa mwaka 1920 kitabu juu ya inchi zilizo kati ya maziwa Victoria, Albert na Edward, na Bacwezi wana nafasi kubwa ndani yake.

Walakini kuandika masimulizi ni jambo moja, kuyafasiri ni jambo lingine. Mwaka 1863 Mwingereza John Speke, yule aliyetafuta chemchemi ya Nili, alitangaza katika kitabu chake kwamba wafugaji wa inchi hizi ni wageni waliotoka Uhabeshi, watu wa namna nyingine, waliozaliwa kutawala. Hakuwa na ushuhuda. Aliona falme zenye utaratibu, akakataa kuamini kwamba watu weusi wakulima waliweza kuziweka. Neno lake likawa mafundisho. Likapewa jina la Biblia, jina la Hamu mwana wa Noe. Yafaa tuseme wazi kwamba watu wa Kanisa pia walilichukua: mwaka 1933 Padri Pagès wa Mapadri Weupe aliweka neno hilo katika kichwa cha kitabu chake juu ya ufalme wa Rwanda. Ndipo wengine walipofika Bigo, wakaona kazi kubwa, wakasikia jina la «mgeni», wakafurahi: tazameni, wenyeji wenyewe wasema ni kazi ya mgeni!

Handaki lenyewe lasema nini? Vigae vya Bigo vimepambwa kwa kamba iliyosokotwa ikaviringishwa juu ya udongo mbichi kabla ya kuchomwa. Namna hiyo ya mapambo ilienea katika inchi zote za maziwa makubwa, kwa wakulima na wafugaji pamoja, mamia ya miaka kabla ya Bigo. Hakuna chungu cha Uhabeshi. Hakuna kitu chochote cha mbali isipokuwa shanga chache, na shanga hutembea katika mikono ya wachuuzi. Watu waliochimba Bigo walikula katika vyungu vile vile walivyolia watu wa Ntusi. Na mwaka 1958 C. C. Wrigley aliuliza swali lililowachoma wengi: kama Bacwezi walikuwa miungu tangu mwanzo, waliofanywa wafalme baadaye katika masimulizi ili wafalme wapya wapate babu? Hatuwezi kumaliza shauri hilo hapa. Sisi twaona kwamba Wrigley alisema kweli angalau katika jambo moja: majina ya Bacwezi na mahandaki ya Bigo ni mambo mawili, na aliyeyafunga pamoja awe na kamba yenye nguvu.

Kwa nini tunakaa juu ya jambo hili katika gazeti la mapadri na makatekista? Kwa sababu hadithi ya Speke haikubaki katika vitabu. Mwezi wa Novemba 1992, kule Kabaya katika Rwanda, mtu wa siasa alisimama mbele ya watu akasema kwamba Watutsi warudishwe kwao Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilionekana katika mto huo. Na sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua kwa masikio yetu ni mara ngapi neno «mgeni» limetupwa kama jiwe, juu ya jirani ambaye babu yake alizikwa hapa. Katekista anayewaambia watoto kwamba kabila fulani lilikuja na ufalme mkononi, na lingine liliumbwa kuchukua mizigo, asidhani anafundisha historia ya kale tu. Afadhali awachoree ubaoni handaki la Bigo, awaulize ni nani aliyelisha wachimbaji.

HANDAKI LAFANYA KAZI GANI?

Wa kwanza walioandika walisema: ni ngome ya vita. Mtu akiona shimo na tuta hufikiri vita. Lakini handaki la nje la Bigo lina milango mingi, nafasi zilizoachwa bila kuchimbwa, hata mtu hushangaa. Nani ajengaye ngome yenye milango mingi namna ile? Na urefu wake wapita nguvu za walinzi: ili kulinda kilometa 10 ungehitaji askari wengi kuliko watu waliokaa ndani. Posnansky alifikiri kwamba sehemu ya katikati ilikuwa makao ya mfalme, kama orurembo ya wafalme wa Ankole. John Sutton alitazama zaidi ng'ombe: handaki lililogusa mto na kinamasi lilifunga malisho mazuri ya kiangazi pamoja na maji, na milango ilikuwa ya kupitishia makundi, ili ijulikane ni ya nani na yamehesabiwa. Sisi twaona mawazo haya mawili hayapigani. Katika inchi ile kuwa mfalme ni kuwa na ng'ombe, na kugawa ng'ombe. Boma la ng'ombe lililo kubwa kupita yote lingekuwa la nani?

Tuongeze jambo dogo ambalo si la wataalamu. Katika Uganda watu wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi za Queen Elizabeth na Kibale wamechimba mahandaki ili tembo wasiingie mashambani. Tembo haruki. Mnyama mwenye nguvu ya kuangusha mti hushindwa na shimo la mita 2. Hatusemi Bigo ilichimbwa kwa ajili ya tembo. Twasema tu kwamba mwenye mashamba na mifugo ana sababu nyingi za kuchimba, na adui mwenye mkuki ni moja tu.

Hapa ndipo Warumi wanaporudi, maana wao wameacha maandiko, na maandiko yao yaonyesha mpaka unafanya nini kila siku. Kule Zarai, katika Aljeria, lilipatikana jiwe la mwaka 202 lenye orodha ya ushuru wa forodha. Mtumwa mmoja alitozwa sawasawa na farasi mmoja au nyumbu mmoja. (Tusipite haraka juu ya mstari huo.) Halafu punda, ng'ombe, nguo, ngozi, kila kitu na bei yake. Lakini wanyama waliopelekwa sokoni hawakulipa. Hivi mpaka hautazami jeshi la adui. Unatazama mtu mwenye kondoo. Na katika Tunisia kuna kuta na mahandaki mafupi yaliyofunga njia kati ya milima, na kila moja lina mlango, ili wafugaji wahamao kwa majira wapite pale, wasipite kwingine.

Mwaka 409 Kaisari Honorius na Theodosius waliandika sheria kwa mkubwa wa Afrika. Yasema kwamba mashamba ya mpakani yalipewa watu wa makabila ya pale pale kwa sharti la kutunza mpaka na fossatum. Na mwingine akiyashika mashamba hayo, achukue pia kazi ya kutunza handaki, la sivyo ayatoe. Kumbe walinzi wa mpaka wa Roma walikuwa wale wale tuliodhani wanazuiwa! Handaki hujaa mchanga kila mwaka, na mwenye kulizoa ni mwenye shamba la karibu, awe Mrumi au asiwe.

Wasomaji wetu watapenda hasa ushuhuda wa Mtakatifu Agostino. Karibu na mwaka 398 bwana mmoja, jina lake Publicola, alimwandikia barua yenye maswali mengi. Moja latoka mpakani, katika inchi ya Arzuges. Watu wa nje huja kuajiriwa kuchukua mizigo au kulinda mavuno. Mbele ya mkubwa wa askari wanaapa kwa miungu yao kwamba watakuwa waaminifu. Halafu wanapewa barua ya kupita. Publicola ana wasiwasi: je, mavuno yaliyolindwa kwa kiapo cha kipagani si najisi? Mkristo akiyala hakosi? Agostino alimjibu kwa upole na kwa akili. Anayeutumia uaminifu wa mtu yule kwa jambo jema hashiriki kiapo chake kwa mashetani. Anashiriki uaminifu wake. Tena kuapa uwongo kwa jina la Mungu wa kweli ni vibaya kuliko kuapa kweli kwa jina la mungu wa uwongo. Na akaongeza kwamba pasipo viapo vile amani isingekuwapo, si mpakani tu, hata katika majimbo yote ya ndani.

Barua hizo mbili, ya 46 na ya 47 katika hesabu ya barua zake, ni fupi. Mseminari aweza kuzisoma jioni moja. Zaonyesha mpaka ambao ramani haiuonyeshi: mlango, mlinzi, mchukuzi mwenye njaa, mwenye shamba anayemhitaji na kumwogopa pamoja. Hatuna barua ya Bigo. Lakini tukiiona milango ile mingi ya handaki la Katonga, hatukosi sana tukiwaza juu ya watu wa namna ile wakisimama pale, na ng'ombe wao wakihesabiwa.

KWETU

Wanande husimulia kwamba mababu zao walitoka Kitara, wakavuka Semliki, wakapanda milima. Randall Packard, aliyeandika mwaka 1981 juu ya Bashu, ameonyesha kwamba hawakuja siku moja wala kundi moja, na kwamba waliokuja waliwakuta wengine, wakaoana nao na kushirikiana katika mambo ya mvua na shamba. Chumvi ya Katwe ilivuka uwanda huo huo toka zamani. Mwaka 1910, katika mkutano wa Brussels, Wabelgiji, Waingereza na Wadachi waligawana inchi hizi. Mstari ukapita katika Ziwa Edward, kilele cha Ruwenzori na mto Semliki. Wakonjo wakabaki upande mmoja, Wanande upande mwingine, nao ni watu wa lugha moja. Mpaka huo hauna handaki. Kasindi na Mpondwe zatenganishwa na mto Lubiriha, na siku ya soko mtu angeuliza ni nani anayezuia nani.

Bigo iliandikwa na serkali ya Uganda mwaka 2007 katika orodha ya mahali panapoombewa ulinzi wa UNESCO. Kuandikwa katika orodha ile si kulindwa bado. Matuta yanashuka kila mvua, ng'ombe wanayakanyaga, na mashamba yanasogea. Wengine bado huenda pale kuwaomba Bacwezi, na padri anayetembelea asishangae akikuta vyombo vya sadaka chini ya mti. Mtu wa Butembo akitaka kwenda, apite Beni, Kasindi, Mpondwe na Kasese, halafu aelekee Sembabule na Ntusi, na pale atafute kijana wa kumwongoza. Achague mwisho wa kiangazi, baada ya majani kuchomwa. Wakati wa mvua majani humfikia mtu kifuani, naye aweza kusimama ukingoni mwa handaki asilione. Na afike mapema, jua likiwa bado chini, kwa sababu ile ile iliyompandisha Baradez katika avioni.